Huduma ya mazishi ya bure Yangon iliyobebwa na staa wa sinema: rivyu yangu

Wakuu, rivyu ya leo ni ya huduma ya mazishi, tena ya mbali, Yangon huko Myanmar, nchi ambayo wengi wetu bado tunaiita Burma. Inaitwa Free Funeral Service Society na ilianza kazi Januari 2001. Ukifiwa unawatafuta, wanakuja na gari la maiti na watu wa kubeba, kama familia haina jeneza wanakuja nalo, wanampeleka marehemu wako makaburini au kwenye tanuru la kuchomea, na hawakudai hata kyat moja. Haijalishi marehemu alikuwa Mbudha, Mkristo, Muislamu au Mhindu, haijalishi alikuwa na nyumba ya ghorofa au alikuwa hana pa kulala. Na mtu aliyeifanya hii huduma ijulikane, yule ambaye picha zake akiwa ameshika jeneza na wenzake zimefika mbali sana nje ya nchi yake, ni mwigizaji wa filamu, jina lake Kyaw Thu.

Niweke msimamo wangu mapema. Wengi wanaoisifia hii huduma wanasifia hiyo bure, na kweli bure ni kubwa, sikatai, ila mimi alama zangu za juu naziweka kwingine. Naziweka kwa staa aliyekuwa anapendwa nchi nzima akakubali kugusa maiti za watu asiowajua, kwenye jamii ambayo mgusa maiti anaogopwa na kukwepwa, na kwa kugusa kwake akafanya kazi hiyo ianze kuonekana ya heshima. Gari mtu yeyote mwenye hela anaweza kununua akatangaza kwamba anabeba maiti bure. Hilo lingine linahitaji mtu mwenye kitu cha kupoteza.

Na Kyaw Thu alikuwa nacho. Amezaliwa 1959, na miaka ya 1980 na 1990 ndo ilikuwa yake, filamu zaidi ya 200 amecheza, mia mbili wakuu, kuna waigizaji wanastaafu na thelathini. Mwaka 1994 akachukua tuzo ya Academy ya mwigizaji bora wa kiume, ambayo kule ndo tuzo ya juu kabisa, wanaitoa tangu 1952, na baadaye akachukua nyingine ya uongozaji. Mtu akiwa na tuzo mbele ya kamera na nyingine nyuma ya kamera ujue huyo kazi anaijua, hakubahatisha.

Ili uelewe uzito wa mia mbili hizo lazima ujue mazingira yenyewe. Sinema ya Burma ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani, filamu yao ya kwanza ya hadithi ilionyeshwa tarehe 13 Oktoba 1920, ikiwa bubu, kuhusu mtu aliyeharibiwa na kamari na pombe, aliyeigiza ni Nyi Pu, na hiyo tarehe mpaka leo wanaiadhimisha kama siku ya filamu yao. Aliyeiongoza ni Ohn Maung, na kabla ya hiyo picha Ohn Maung alikuwa ameshapiga kitu kingine kwa kamera yake, alirekodi mazishi ya Tun Shein, mwanasiasa aliyekwenda hadi London kudai haki za Waburma wakati wa mkoloni Muingereza. Yaani sinema ya hii nchi imeanzia msibani. Nilivyolijua hili nikakaa nikalifikiria muda mrefu, maana miaka themanini baadaye staa mkubwa wa sinema hiyohiyo naye anaishia msibani, ila safari hii bila kamera, amekwenda kubeba.

Halafu kuanzia mapinduzi ya Machi 1962 mambo yakabadilika, serikali ya kijeshi ikashika kila kitu, majumba ya sinema yakataifishwa, kila hadithi inapita kwa wakaguzi kabla haijaonyeshwa. Kyaw Thu ameingia kwenye sinema wakati filamu zenyewe za kurekodia ni za kubana, hela za kigeni hakuna, na picha nyingi bado zinapigwa nyeusi na nyeupe wakati dunia nyingine imeshasahau. Miaka ya 1990 ikaja vidio, muvi zinapigwa haraka haraka kwa bajeti ndogo, mwigizaji mwenye jina anatoka seti moja anaingia nyingine. Kwa hiyo ukisikia mia mbili usifikirie zote ni kazi za kutukuka, nyingi ni muvi za mapenzi na za familia za kujaza foleni. Lakini ndo hizohizo zilizomfanya aingie kila sebule, mama wa sokoni anamjua, dereva wa basi anamjua, mtoto anamjua. Hiyo sura inayojulikana ndo mtaji ambao baadaye aliutumia.

Sasa huduma yenyewe ilivyoanza. Kulikuwa na dairekta mkongwe anaitwa Thukha, mwandishi pia, mzee wa 1910 huyo, heshima yake kwenye sinema ya Burma ni ya juu mno. Mzee alikuwa amelazwa hospitali, na jirani yake pale alikuwepo bibi mmoja hali yake mbaya. Ndugu wa yule bibi wakatoweka. Ukisikia hivyo haraka unawalaumu, unasema watu gani hawa wanamkimbia mama yao, ila sababu ilikuwa kwamba bibi anakaribia kufa na wao hawana uwezo wa kumzika, wakaona bora waondoke hospitali ijue yenyewe cha kufanya. Hiyo habari ikamuumiza mzee, akamwambia Kyaw Thu, na hapo likazaliwa wazo la chama cha kuzika watu bure. Thukha alifariki 2005, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini kliniki ya bure ambayo chama kilikuja kuifungua ina jina lake.

Mimi hiyo hadithi ya bibi naiona ndo kipimo sahihi cha kuipima hii huduma. Swali la kuuliza ni moja, je, ndugu wa yule bibi wangekuwa na namba ya hawa watu, wangemkimbia? Nina uhakika wasingemkimbia, wangekaa naye mpaka pumzi ya mwisho, wamshike mkono. Kwa hiyo hii huduma faida yake inaanza kabla hata mtu hajafa. Inawapa walio hai nafasi ya kubaki kitandani kwa mgonjwa wao bila hofu ya kesho. Sijaona rivyu nyingi zinazoligusa hilo, watu wanahesabu magari na majeneza, wanasahau siku za mwisho za mgonjwa ambazo sasa anazipata akiwa na watu wake.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje familia yenye watu wanaofanya kazi ishindwe kuzika. Kwanza makaburi. Yangon ilikuwa na makaburi ya Kyandaw, karibu na mjini, miaka ya 1990 yakaondolewa, watu wakawa wanapelekwa mbali, Yayway huko North Okkalapa au Htein Bin upande wa Hlaing Tharyar. Umbali ukiongezeka maana yake gari ni lazima, na gari la maiti ni la kukodi, na la kukodi lina bei yake, na waombolezaji nao wanatakiwa basi la kwenda na kurudi. Pili akiba. Watu wa kule wamepigwa na hela yao wenyewe mara kadhaa, Septemba 1987 serikali iliamka ikafuta noti za kyat 25, 35 na 75, ulichokuwa umeficha chini ya godoro kikawa karatasi, na mwaka 2003 mabenki binafsi yakayumba watu wakawekewa kikomo cha kutoa hela zao wenyewe. Familia inayoishi hivyo kila siku inajua kula tu, ikija hospitali kwanza inauza cheni ya dhahabu, ikija dawa inauza baiskeli, mpaka mgonjwa anafariki hakuna tena cha kuuza.

Tena mazishi ya Kibudha kule yana mambo yake ambayo hutaki kuyakosea. Marehemu anakaa nyumbani siku kadhaa, mara nyingi anazikwa siku ya tatu au ya tano, wengine ya saba, anawekewa sarafu mdomoni kama nauli ya kuvukia upande wa pili, watawa wanaitwa, na siku ya saba familia inawapa watawa chakula na sadaka ili thawabu zimfikie marehemu. Hivyo vyote vina gharama. Huduma ikikuondolea gari na jeneza, kile kidogo ulichonacho kinakwenda kwenye chakula cha watawa, na kwa Mburma hilo la watawa ndo lenye maana kubwa kwa roho ya mtu wake. Kwa hiyo bure yao imewekwa pale panapouma zaidi na imeacha kwa familia kile ambacho familia ingetaka kukifanya kwa mikono yake. Nimeipenda sana hiyo, sijui kama walikaa wakapanga au ilitokea tu, ila inafanya kazi.

Sasa nirudi kwenye lile la kugusa maiti, maana hapa ndo penye kiini. Burma ya zamani watu wa makaburini walikuwa tabaka la chini kabisa, wanakaa kivyao, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao wanazaliwa na hiyo alama. Na mpaka leo kuna imani zimebaki, mtu aliyefia nje ya kijiji maiti yake hairudishwi ndani ya kijiji, anazikwa hukohuko nje, na anayeshughulika na maiti anahesabiwa amebeba nuksi. Sasa mchukue staa umuweke hapo. Kazi ya sinema imejaa watu wa kuamini bahati, wanachagua tarehe nzuri ya kuanza kupiga picha, wanakwenda kwa watabiri. Prodyuza wa namna hiyo anamuona mwigizaji wake asubuhi ametoka makaburini, unadhani anajisikiaje? Wapo waliojitenga naye, wapo waliomuona kama amechanganyikiwa. Na mkewe, Myint Myint Khin Pe, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Shwe Zee Kwet, yuko naye bega kwa bega kwenye chama, kwa hiyo nyumba nzima imeingia.

Angeweza kabisa kuchangia hela. Hiyo ndo njia ya mastaa wote duniani, unatoa hundi unapigwa picha na hundi unaondoka. Myanmar watu wanapenda kutoa, kuanzia 2014 mpaka 2017 kila mwaka ilikuwa inatajwa juu kabisa kwenye orodha ya dunia ya utoaji, nchi maskini ile, inazipita nchi tajiri. Lakini utoaji mwingi unakwenda kwa watawa na mahekalu, kwa sababu ndo wenye thawabu kubwa. Maiti ya maskini haikuwa na mfadhili. Kyaw Thu alivyoshika mpini wa jeneza yeye mwenyewe, akaendesha gari la maiti yeye mwenyewe, kijana wa mtaani anayemuona anajiuliza, kama huyu ameshika na hajafa na hajalaaniwa, mimi naogopa nini. Na ndo walivyokuja wa kujitolea. Madereva, wabebaji, watu wa simu. Na ndo ilivyokuja michango, kwa sababu kuzika maskini kukaanza kuonekana ni tendo la thawabu kama mengine.

Kuhusu ubora wa huduma, niseme kwa ufupi. Zaidi ya watu laki moja wamezikwa kupitia chama hiki, hicho kiwango huwezi kukifikia kwa kubabaisha, lazima kuna mpangilio wa magari, wa mafuta, wa zamu, wa karatasi za vifo na ratiba za makaburini. Makao yao yako North Dagon. Tajiri naye akiwaita wanakwenda, hawamfukuzi, akitaka kuchangia atachangia, kwa hiyo maskini akitumia gari lao jirani hajui kama ametumia kwa sababu hana hela au kwa sababu amependa. Hiyo ni akili kubwa. Huduma ya bure ya maskini peke yao huwa inageuka tangazo la umaskini wako, watu wanaikwepa wanakwenda kukopa ili wasionekane. Hapa gari ni lilelile.

Upande wa kliniki ya Thukha sitaki kuupita haraka lakini pia sio mada yangu. Walianza na wafu wakagundua wengi wao wasingekufa wangepata dawa mapema, basi wakafungua matibabu ya bure, baadaye wakaingia na kwenye elimu. Kwangu inaonyesha walikuwa wanasikiliza. Ukibeba maiti za kutosha kutoka mtaa mmoja utajua tu huo mtaa unakosa nini.

Tuje kwenye 2007, mwaka uliomla Kyaw Thu kazi yake. Tarehe 15 Agosti serikali ilipandisha mafuta bila taarifa, dizeli ikatoka kyat 1,500 kwa galoni mpaka 3,000, gesi ya magari ikapanda mara tano. Fikiria wewe unaendesha magari ya maiti ya bure kwa michango halafu mafuta yanakuwa mara mbili usiku mmoja. Nauli za mabasi zikapanda, watu wakawa wanatembea kwa miguu kwenda kazini, na mwezi uliofuata watawa wakaingia barabarani kwa maelfu, yale maandamano ya Septemba ambayo dunia nzima iliyaona. Kyaw Thu, pamoja na mchekeshaji Zarganar na wengine, wakajitokeza hadharani kuwapa watawa maji na chakula. Ni kitendo cha kawaida kabisa cha Mbudha, kumpa mtawa chakula, kila asubuhi watu wanafanya. Lakini siku zile ilikuwa ni kutangaza uko upande gani.

Oktoba wakamkamata yeye na mkewe, wakakaa ndani karibu wiki moja wakaachiwa. Na sinema ikafungwa. Akapigwa marufuku, mtu wa filamu mia mbili na tuzo mbili hana tena ruhusa ya kusimama mbele ya kamera wala nyuma yake. Alikuwa hajafika hata hamsini, umri ambao mwigizaji anaanza kupewa nafasi za baba, za mzee mwenye hekima, nafasi nzuri kabisa za kuigiza ukiwa umeshakomaa. Mimi kama mpenzi wa sinema hili linaniuma kweli. Kuna filamu ambazo hazikupigwa, na hakuna wa kuturudishia.

Ila angalia walivyokosea hesabu. Walimnyima seti, hawakumnyima gari la maiti. Muda wote aliokuwa anautumia kwenye lokesheni ukahamia kwenye huduma. Na mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 2 Mei 2008 kimbunga Nargis kikapiga bonde la Irrawaddy, watu kama 138,000 wamekufa au hawajulikani walipo, na serikali ikawa inazuia misaada ya nje kwa wiki kadhaa. Waliokwenda ni wananchi wenyewe, kwa malori yao na boti zao, na chama hiki kikiwemo. Zarganar naye alikwenda, akasema wazi alichokiona, akahukumiwa kifungo cha miaka 59 ambacho baadaye kilipunguzwa mpaka 35, akatoka Oktoba 2011. Hiyo ndo bei ya kusaidia watu kule enzi zile, kwa hiyo mtu akikuambia Kyaw Thu alifanya haya kutafuta umaarufu mwambie aangalie tena, umaarufu alikuwa nao na huu ndo uliomponza.

Sasa kasoro, maana rivyu bila kasoro ni tangazo. Ya kwanza ni mafuta na magari. Huduma nzima inakaa juu ya magari, na magari yanakula dizeli, na bei ya dizeli inapangwa na watu wengine kabisa. Mwezi wa michango midogo au mwezi wa bei kubwa ndo mwezi ambao watu wengi wanahitaji gari, kwa sababu shida zinakuja pamoja. Ya pili ni kwamba hii ni ya Yangon. Myanmar ni nchi kubwa, mtu wa milimani Chin au Kachin haimfikii. Haki ya kusema ni kwamba Yangon haikuwa ya kwanza hata, Mandalay wana chama chao cha Brahmaso kinafanya mazishi ya bure tangu 1998, na miji mingi imeanzisha ya kwao, vidogo vidogo, gari moja, magari mawili, na vijana wa mtaa. Hivyo vidogo havina staa, na sidhani vingepata watu wa kujitolea kwa urahisi ule kama nchi nzima isingekuwa imeshamuona Kyaw Thu na jeneza kwenye magazeti.

Kasoro ya tatu ndo inayonikosesha usingizi, nayo ni hiyohiyo nguvu yao. Sura moja. Huduma iliyojengwa juu ya jina la mtu mmoja inafuata bahati ya huyo mtu. Akiwa na matatizo na wakubwa, chama kina matatizo na wakubwa. Michango inakuja kwa sababu watu wanamuamini yeye, na imani ya mtu hairithiwi kama nyumba. Ukiangalia waigizaji wa kizazi kilichofuata utaona hilo limekuwa gumu zaidi, baada ya mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilitoa hati za kukamata mastaa, Lu Min akakamatwa mwezi huohuo, Pyay Ti Oo na mkewe Eindra Kyaw Zin wakaingia ndani Aprili, Paing Takhon pia, wote wakaja kuachiwa Machi 2022. Staa kijana wa leo akitaka kufanya alichofanya Kyaw Thu 2001, jina lake kubwa linaweza kuwa sababu ya kumfungia njia.

Na haja haijapungua hata kidogo. Julai 2021 Yangon ilipigwa na korona vibaya mno, oksijeni hakuna, watu wamepanga foleni na mitungi usiku kucha, na makaburini matanuru yamezidiwa, magari ya maiti yanasubiri kwenye mstari. Wakati ule hospitali nyingi zilikuwa hazina madaktari kwa sababu wengi walikuwa wamegoma kulitumikia jeshi. Walioingia nyumba kwa nyumba kuchukua waliofariki walikuwa wa kujitolea, na wengi wao hiyo kazi wameijifunza katika miaka ishirini hii ambayo vyama kama hiki vilikuwepo. Ungekuja mji ule mwaka 1999 na janga lile, bila hata mtu mmoja aliyezoea kushika maiti ya asiyemjua, sijui ingekuwaje, naogopa hata kuwaza.

Alama zangu basi. Huduma kwa mfiwa nawapa tano kwa tano, bila kupepesa. Heshima kwa marehemu, tano. Kufika mbali, tatu, kwa sababu nilizosema. Kujipanga kwa ajili ya siku ambayo mwanzilishi hatakuwepo, hapo siweki namba, ila natamani sana kuona wale madereva na wabebaji wa siku zote, ambao hawana tuzo na hakuna anayewajua, wakisogezwa mbele waongee wao kwenye kamera, familia ziwazoee, wachangiaji wawazoee. Kliniki imebaki na jina la Thukha miaka yote baada ya mzee kuondoka na watu wanaendelea kwenda kutibiwa, kwa hiyo namna ya kufanya hivyo wanayo tayari.

Kama wewe ni mpenzi wa sinema na unataka kumjua huyu jamaa, usianze na picha za jeneza. Tafuta kwanza kazi zake za miaka ya 1990, hata kama huelewi lugha, umuone alivyokuwa kijana na anavyosimama mbele ya kamera, halafu ndo uangalie hizo za North Dagon.